Kinacholinda maji ya Uluru ni hati ya ardhi

Tarehe 26 Oktoba 2025 ilitimia miaka 40 tangu Gavana Mkuu wa Australia, Sir Ninian Stephen, awakabidhi Waanangu, wenyeji wa asili (Waaborijini) wa eneo hilo, hati ya kumiliki Uluru, ule mwamba mwekundu unaosimama peke yake katikati ya jangwa la nchi hiyo. Siku hiyohiyo ilitimia pia miaka sita tangu kupanda mwamba huo kupigwe marufuku. Tarehe hizo hazikukutana kwa bahati, kwani walioifunga njia ya kupandia mwaka 2019 waliichagua siku ya hati makusudi. Lakini kila kumbukumbu hiyo inapofika, malalamiko huwa yaleyale: Uluru imefungwa, watu wachache wamejitwalia mali ya taifa zima kwa kisingizio cha imani, na mtalii aliyesafiri maelfu ya kilomita anaambiwa asipande, asiguse, hapa asipige picha. Hata wengi wanaowatetea Waanangu wamelipokea jambo hili kwa sura hiyohiyo, ila wao huongeza kwamba imani ya watu iheshimiwe.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinatazama pasipo. Macho yao yako kileleni, ilhali kiini cha mambo kiko chini, kwenye makorongo ya Mutitjulu na Kantju, penye maji na mapango yenye michoro. Na maneno yao yote ni ya heshima, ilhali kilichobadilisha hali ni umiliki. Waanangu waliomba kwa adabu kwa miongo kadhaa, na kibao cha kuwasihi wageni wasipande kilikuwepo, watu wakakipita wakaenda juu. Njia ilifungwa pale tu wenyeji walipokuwa na hati mkononi na viti vya kutosha kwenye bodi ya hifadhi. Anayetaka kujua kwa nini dimbwi la Mutitjulu bado lipo salama, na kwa nini mapango mengine ya aina hiyo katika nchi hiyohiyo yamegeuzwa kifusi, aanze na sheria ya ardhi, mambo ya adabu ya watalii yafuate baadaye.

Tuanze na maji, maana bila maji pasingekuwa na michoro. Mwamba una kimo cha mita 348 kutoka ardhini na mzunguko wa kilomita 9.4 hivi. Juu yake ni jiwe tupu, hakuna udongo wala msitu wa kunyonya mvua. Ukanda ule hupata wastani wa milimita 300 hivi za mvua kwa mwaka, nayo haina ratiba. Miezi inaweza kupita bila tone, kisha ikamwagika yote kwa siku mbili. Ikimwagika, mwamba mzima huwa kama paa la bati lenye mfereji mmoja mkubwa. Maji hujaa kwenye vishimo vya kileleni, hufurika, huteremka kwa mikondo iliyoacha mistari myeusi ukutani, na sehemu yake huishia kwenye dimbwi la Mutitjulu upande wa kusini, ambalo ndilo la kutegemewa kuliko mengine yote yanayouzunguka mwamba. Sasa weka juu ya paa hilo watu wanaopanda kwa saa mbili tatu, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mahali pasipo na choo hata kimoja. Mvua iliyofuata iliyachukua waliyoyaacha na kuyapeleka kulekule wanakokunywa ndege na wanyama. Kwa hiyo mtu anayesema kupanda hakumdhuru yeyote hajafuata njia ya maji kutoka juu hadi chini. Malalamiko ya Waanangu kuhusu uchafu huo hayakuhitaji imani yoyote ili kueleweka. Mwenye kisima kijijini angelalamika vivyo hivyo.

Nilifika pale asubuhi moja ya Julai, wakati baridi ya jangwa inauma vidole na mwanga wa jua bado haujashuka ukutani. Njia ya kwenda dimbwini ni fupi na tambarare, kama kilomita moja kwenda na kurudi, na kabla ya maji unapita pango la Kulpi Mutitjulu. Dari lake ni jeusi kwa moshi, kwa sababu familia zilipiga kambi hapo na kupika hapo kwa vizazi na vizazi. Juu ya weusi huo kuna duara ndani ya duara, mistari iliyopinda, alama nyeupe, nyekundu na za rangi ya kutu, moja juu ya nyingine hadi huwezi kusema ipi ilitangulia. Rangi zilitokana na vitu vya palepale: udongo mwekundu na wa manjano uliosagwa, majivu, mkaa, vikachanganywa na maji na wakati mwingine mafuta ya mnyama. Mgeni aliyekuja na picha ya makumbusho ya Ulaya kichwani anaweza kuvunjika moyo, kwani hakuna mchoro uliowekwa peke yake ili utazamwe. Ukuta ule unafanana zaidi na ubao wa darasa ulioandikwa na kuandikwa tena. Ndivyo ulivyotumika kweli. Duara hilo linaweza kumaanisha dimbwi la maji, linaweza kumaanisha kambi, na maana yake inategemea anayesimulia na anayefundishwa. Upande wa pili wa mwamba, kwenye njia ya kwenda korongo la Kantju, lipo pango ambalo wavulana walifundishwa humo kuwinda na kuijua nchi yao, na michoro yake ni ya somo hilo.

Korongo lenyewe nalo linasomeka. Waanangu wanasimulia kwamba Kuniya, chatu jike, alikuja kutoka mashariki na mayai yake, akasikia kwamba mpwa wake ameshambuliwa na Waliru, nyoka wenye sumu. Alikabiliana na mmoja wao hapo Mutitjulu, akampiga kichwani kwa kijiti cha kuchimbulia mizizi, mara ya kwanza kwa onyo, mara ya pili akamwua. Mipasuko miwili mirefu kwenye ukuta wa jiwe ni mapigo hayo. Kisha Kuniya na mpwa wake wakawa Wanampi, nyoka wa maji anayelilinda dimbwi. Hiki ndicho kisa kinachoruhusiwa kusimuliwa kwa mgeni. Kuna mengine hayaruhusiwi, mengine ni ya wanawake peke yao, mengine ya wanaume waliokwisha kupitishwa jandoni, na ndiyo sababu ya vibao vya kuzuia picha kwenye baadhi ya pande za mwamba. Waanangu wameeleza kwamba umbo la jiwe katika sehemu hizo lina uzito wa maandiko matakatifu, na kwamba linapaswa kuonwa mahali pake na wanaohusika. Mwanamke wa Kianangu hawezi kujikinga na picha ya sehemu ya wanaume ikibandikwa kwenye kalenda ya duka la mjini. Kibao kinamkinga yeye, wala hakikuwekwa kumwonea wivu mtalii.

Na michoro ina sababu yake ya kuogopa kamera. Mwanzoni mwa karne iliyopita, waongoza watalii walikuwa wakiimwagia maji kuta za mapango ya Uluru ili rangi zing'ae na picha zitoke vizuri. Jiwe likilowa, rangi hukolea kwa dakika chache. Likikauka, sehemu ya rangi imekwenda na maji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alitaka tu picha yake iwe nzuri, na michoro iliyodumu kwa sababu watu walioichora walikuwa wakiirudia ikaanza kufifia kwa sababu ya watu waliopita mara moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo jambo la karibu na hili huko Kondoa, katikati ya Tanzania, ambako michoro ya miambani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale Kolo, kwenye pango la Mungomi, wenyeji bado huenda kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji, na wahifadhi wamekuwa na wasiwasi kwamba pombe ya tambiko inayorushwa ukutani inaharibu michoro. Kule Uluru mgeni alimwaga maji ili aone. Kondoa mwenyeji anamwaga pombe ili aombe. Kemikali ya ukutani haibagui kati ya maji ya mwongozaji na pombe ya mzee, lakini sheria inalazimika kubagua, kwa sababu mmoja anautumia ukuta kwa kazi yake ya tangu zamani na mwingine ameugeuza kitu cha kutazama. Nchi yoyote yenye michoro ya aina hii italazimika kuamua nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ukuta: mtaalamu, mtalii au mwenye tambiko. Australia imetoa majibu mawili yanayopingana, na nitayafikia yote.

Kabla ya hapo lazima nitaje jambo lililotokea kwenye dimbwi la Mutitjulu mwaka 1934, kwa sababu huwezi kuelewa hati ya 1985 bila hilo. Askari polisi Bill McKinnon alikuwa akiwasaka wanaume kadhaa wa Kiaborijini kufuatia mauaji yaliyofanywa kwa mujibu wa sheria yao ya kimila. Mmoja wao, Yokununna, akiwa amejeruhiwa, alijificha kwenye pango kando ya dimbwi. McKinnon alimpiga risasi humo, naye akafa. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1935 iliufukua mwili na kuupeleka Adelaide, ikahitimisha kwamba kisheria risasi ile ilikuwa halali ingawa haikuwa ya lazima. Miongo mingi baadaye, mwanahistoria Mark McKenna alilipata daftari la McKinnon, na humo imeandikwa kwamba alifyatua akilenga kupiga. Fuvu la Yokununna lilikutwa katika hazina ya makumbusho ya Adelaide, likarudishwa na kuzikwa Uluru Oktoba 2022. Kaka yake, Paddy Uluru, alikuwa miongoni mwa walionusurika. Alikaa mbali na nchi yake kwa miaka mingi kwa hofu, kisha akarudi, na kabla ya kufa mwaka 1979 alikuwa anatambuliwa kuwa mmiliki mkuu wa mwamba. Wakati wote huo aliokuwa uhamishoni, dola ilikuwa inaimarisha utalii. Mwaka 1958 eneo lilimegwa kutoka hifadhi ya Waaborijini na kufanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1964 mnyororo wa kushikilia wapandaji ukafungwa kwenye jiwe. Mtu anayeuliza kwa nini Waanangu hawakukataza kupanda tangu mwanzo anamuuliza aliyekimbizwa kwa bunduki kwa nini hakusimama mlangoni.

Sheria ya Haki za Ardhi za Waaborijini katika Jimbo la Kaskazini ilipitishwa mwaka 1976, lakini hifadhi ya taifa haikuweza kudaiwa chini yake. Ilibidi Waziri Mkuu Bob Hawke atangaze Novemba 1983 kwamba ardhi itarudishwa, na miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kusitisha upandaji. Hati ilipotolewa mwaka 1985, ahadi hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa. Waanangu walipokea hati na papo hapo wakatia saini mkataba wa kuikodisha ardhi hiyo kwa mamlaka ya hifadhi za taifa kwa miaka 99, upandaji ukaendelea. Serikali ya Jimbo la Kaskazini ilipinga yote hayo, na siku ya sherehe ndege ilipita juu ya umati ikiburuta bango lililodai kwamba Ayers Rock, jina alilolibandika mpima ardhi William Gosse mwaka 1873, ni ya Waaustralia wote. Hata hivyo mkataba uliacha mambo mawili yenye uzito: Waanangu walipata wingi wa wajumbe kwenye bodi ya hifadhi, na asilimia 25 ya kiingilio huenda kwao. Hayo mawili ndiyo yaliyozaa uamuzi wa Novemba 2017, bodi ilipokubaliana kwa kauli moja kufunga njia. Mwenyekiti wake, Sammy Wilson, alisema mahali hapo si uwanja wa burudani kama Disneyland, na kwamba yeye akisafiri nchi nyingine akakuta mahali patakatifu haingii wala hapandi.

Wanaopinga wana hoja zao, na nyingine ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ile ya usawa: kwamba maajabu ya asili hayakutengenezwa na mtu, kwamba serikali isiyo na dini haipaswi kuitumia faini kulinda imani ya kundi moja, na kwamba ukikubali kwa Uluru utakubali kila mahali. Wanataja mlima Wollumbin huko New South Wales, uliofungwa tangu 2020, na milima ya Gariwerd huko Victoria, ambako wapanda miamba wamezuiwa sehemu kadhaa tangu 2019. Ningekubaliana nao kama Uluru ingekuwa ardhi ya umma. Lakini si ya umma; ni shamba lenye hati, lililokodishwa kwa serikali kwa masharti, na mwenye shamba anayezuia watu kupanda kuta za nyumba yake hadaiwi kueleza kama sababu yake ni ya dini, ya usalama au ya usafi wa maji. Zote tatu zilikuwepo hapa, maana watu 37 wamekufa kwenye njia ile tangu miaka ya 1950, na Waanangu, ambao kwa sheria yao wana wajibu juu ya mgeni aliye katika nchi yao, waliomboleza kila kifo. Kuhusu Gariwerd na Wollumbin, hapo wapinzani wana haki ya kudai mjadala mpana, kwa sababu pale mamlaka inafunga ardhi ya umma kwa niaba ya watu ambao haijawapa umiliki. Utaratibu huo unawaudhi wapandaji na unawaacha wenyeji wakilaumiwa kwa uamuzi ambao hawakuwa na madaraka ya kuutoa wenyewe.

Hoja ya pili ni ya kihistoria. Inasemwa kwamba zamani wanaume wa Kianangu walipanda, na wengine waliwaongoza wageni. Hilo si uzushi mtupu. Lakini ruhusa aliyoitoa mtu mmoja kwa mgeni mmoja, akiwa kando yake, haiwi haki ya kila mtu milele. Isitoshe, njia ile ndiyo iliyopitwa na Mala, mababu wa kale wa masimulizi yao, walipofika Uluru kwa mujibu wa Tjukurpa, yaani sheria na masimulizi yao ya asili, na kwa hiyo kuipita lilikuwa jambo la watu maalumu kwa wakati maalumu. Kuwepo kwa ruhusa chache kunathibitisha kwamba palikuwa na mwenye kuitoa.

Hoja iliyo dhaifu kabisa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kufunga njia kumeua utalii na kumewanyima watu Uluru. Mpango wa usimamizi wa 2010 uliweka masharti kabla ya kufunga, mojawapo likiwa kwamba wapandaji wapungue chini ya asilimia 20 ya wageni. Katika miaka ya 1990 walio wengi walikuwa wakipanda; kufikia 2015 walikuwa kama 16 kwa kila wageni 100. Kwa hiyo kati ya kila wageni sita, watano walikuwa tayari wanakuja kwa sababu nyingine. Miezi michache baada ya kufungwa, UVIKO-19 ulizuia safari dunia nzima, na anayezipima hesabu za 2020 na 2021 dhidi ya mnyororo ulioondolewa anapima ugonjwa akidhani anapima sera. Na nini hasa kimefungwa? Njia ya kuuzunguka mwamba, zaidi ya kilomita kumi, iko wazi. Mutitjulu iko wazi. Korongo la Kantju liko wazi, na hapo mgeni anaweza kukaa kimya kandokando ya dimbwi kama walivyokaa wawindaji waliongoja emu, ndege mkubwa wa mfano wa mbuni, waje kunywa. Mtu aliyeondolewa kwenye mteremko wa jiwe tupu na kupelekwa penye maji, michoro na visa ameonyeshwa Uluru zaidi ya alivyoonyeshwa aliyepanda.

Jibu la pili la Australia liko Pilbara, Australia Magharibi, kwenye korongo la Juukan. Hapo palikuwa na mapango mawili ya Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, karibu na dimbwi la jiwe walilolitukuza, na ushahidi wa watu kuishi humo ulirudi nyuma miaka 46,000 hivi. Uchimbaji wa kitaalamu wa mwaka 2014 ulipata vitu zaidi ya 7,000. Miongoni mwao kilikuwamo kipande cha ukanda uliosukwa kwa nywele za watu, wenye umri wa miaka 4,000 hivi, na vinasaba vyake viliwaunganisha wenye nywele hizo na watu wanaoishi leo. Mei 24, 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mahali hapo ili kupata madini ya chuma. Kampuni yenyewe iliwaeleza wabunge kwamba ilikuwa na njia nne za kupanua mgodi, tatu zikiyaepuka mapango, na kwamba ile iliyochaguliwa ilifungua tani milioni nane zaidi za madini, zenye thamani ya dola za Australia milioni 135 hivi. Yote hayo yalikuwa halali. Kibali kilitolewa mwaka 2013 chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya urithi ya jimbo ya 1972, kabla vitu vile havijapatikana, na sheria haikuruhusu kibali kupitiwa upya kwa sababu ya uvumbuzi mpya. Wenyeji hawakuwa na haki ya kukata rufaa.

Linganisha makorongo hayo mawili. Watu wa Juukan hawakukosa kutambuliwa. Mahakama iliithibitisha haki yao ya asili ya ardhi mwaka 2015. Lakini haki hiyo ni dhaifu kuliko ile ya Jimbo la Kaskazini, ambako hati chini ya sheria ya 1976 haiwezi kuuzwa wala kunyang'anywa kirahisi, na wenye ardhi wanaweza kukataa hata utafutaji wa madini. Kote kuwili watu walikuwa na imani, michoro au mapango, maji, na wazee waliolia hadharani. Tofauti ilikuwa karatasi. Nasema hivi bila kufurahia, kwa sababu ningependa kuamini kwamba mchoro wa kale hujilinda kwa uzuri wake. Nchi nzima ilishtuka baada ya Juukan, bosi mkuu wa kampuni na wenzake wawili wakaondoka, Bunge likachunguza. Australia Magharibi ikatunga sheria mpya ya urithi iliyoanza kutumika Julai 1, 2023, na baada ya wiki tano tu, wakulima na wawekezaji walipokuja juu, serikali ikatangaza kuifuta. Ikarudi ile ya 1972 ikiwa na viraka, kikiwemo kimoja cha maana kinachowapa wenye haki ya asili nafasi ya kuomba mapitio. Katika jimbo hilohilo, michoro zaidi ya milioni moja ya Murujuga iliingia Urithi wa Dunia Julai 2025, na miezi miwili baadaye serikali ya shirikisho ikaidhinisha mtambo wa gesi ulio jirani yake uendelee kufanya kazi hadi 2070. Simu za watalii zilizuiliwa Uluru kwa kibao. Pilbara hakuna kibao kilichozuia baruti.

Sisemi kwamba hati ilimaliza kila kitu. Kijiji cha Mutitjulu, kilicho chini ya mwamba kabisa, kimebaki maskini kikilinganishwa na hoteli za Yulara umbali mfupi tu kutoka hapo, na mgao wa kiingilio haujaziba pengo hilo. Azimio la Uluru la Mei 2017, lililoomba Waaborijini wawe na sauti ya kikatiba mbele ya Bunge, lilikataliwa katika kura ya maoni ya Oktoba 14, 2023 na karibu asilimia 60 ya wapiga kura. Wengi wao bila shaka wanaipenda picha ya Uluru na wangeinunua kwenye fremu. Ndiyo maana siweki tumaini langu kwenye upendo wa wageni. Mkataba wa 1985 utakwisha mwaka 2084, na hapo wajukuu wa waliotia saini wataamua kama watapangisha tena, kwa nani, na kwa kiingilio gani. Kwa kuwa hati ni yao, mazungumzo hayo yatafanyika wakiwa wameketi upande wa mwenye nyumba. Watu wa Pilbara hawana mwaka wa aina hiyo wa kuungojea, na kazi iliyobaki iko kwenye Bunge la Perth, mji mkuu wa Australia Magharibi, ambako kifungu cha 18 bado kinatumika. Perth ina wasomaji wa Kiswahili, Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi na sasa ni raia wenye kadi ya kupigia kura. Wanajua kufukuzwa penye maji ya ukoo wao. Mgombea akija kuomba kura mtaani kwao, wamuulize msimamo wake juu ya kifungu hicho, na kama yuko tayari kuwapa wenye makorongo haki ya kusema hapana kabla mashimo ya baruti hayajatobolewa.